Kondomu ya kike iliniuma, ikapiga kelele, ikaingia ndani. Niiache?

Swali: "Shikamoo nesi. Niko Moshi, nina miaka 31 na watoto wawili, nauza mitumba Kiboriloni. Mume wangu yuko Mererani kwenye machimbo, anarudi mwisho wa mwezi, mara nyingine miezi miwili inapita. Sindano ya miezi mitatu niliiacha kwa sababu damu ilikuwa haikatiki. Kondomu yeye hataki hata kuisikia. Kliniki walinipa kondomu tatu za kike, wakaniambia maelezo yako kwenye paketi. Nimejaribu moja. Iliniuma, ikapiga kelele kama mfuko wa rambo, halafu ile pete ya nje ikaingia ndani nikadhani imepotelea tumboni. Kweli inazuia mimba kama sindano? Inaweza kupotelea kwenye kizazi? Hizi chache nilizonazo naweza kuzifua nikazitumia tena? Mafuta ya nazi yanafaa? Na yeye nimwambieje asifikiri namtuhumu?"

Marahaba, mdogo wangu. La kupotelea nalijibu kwanza, maana najua limekunyima usingizi. Haiwezekani. Uke ni kama mfuko wenye mdomo mmoja. Kule mwisho upo mlango wa kizazi, na tundu lake ni jembamba mno: linapitisha damu ya hedhi na mbegu za mwanaume, basi. Ili kitu kikubwa kipite pale, sharti uchungu wa kujifungua ulifungue kwa saa nyingi, na wewe umeshapita huko mara mbili, unajua ilivyo kazi. Kondomu ikiingia yote ndani, iko palepale ukeni na kidole kinaifikia. Chuchumaa, sukuma kidogo kama unayekwenda haja kubwa, ingiza vidole viwili, kamata ukingo, vuta taratibu. Ikikushinda, nenda kituo cha afya, mkunga ataitoa kwa muda mfupi na wala si jambo geni kwake.

Lakini pete ya nje ikishaingia ndani, tendo hilo lihesabu kama halikuwa na kinga. Hujaniambia ni lini. Kama hazijapita siku tano, acha kusoma hapa, nenda leo ukaombe vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile ambavyo wengi wanaviita P2. Kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri, na ndani ya saa 72 ni bora kuliko siku ya nne au ya tano. Na kama una wasiwasi na maambukizi ya VVU, saa hizo hizo 72 ndizo za kuanzishiwa PEP, dawa zinazomezwa kwa siku 28 kuzuia virusi visijenge makao mwilini. Baada ya hapo dawa hizo hazianzishwi tena. Kama siku zimeshapita, subiri wiki tatu tangu tendo hilo kisha upime mimba. Usijipe moyo kwamba sindano bado inakulinda. Ni kweli wanawake wengi wakiacha ile ya miezi mitatu huchelewa kushika mimba kwa miezi kadhaa, lakini nimepokea kliniki akina mama walioitegemea hiyo nafasi wakashika mapema, na hakuna anayeweza kukuambia wewe uko kundi lipi.

Sasa tuje kwenye kondomu yenyewe. Nitakuambia wazi ninachoamini baada ya miaka mingi ya kuifundisha hapa Arusha: wanawake wengi walioiacha hawakuiacha kwa ubaya wake, waliiacha kwa sababu walipewa paketi bila kuonyeshwa. Mimi mwenyewe nilifundishwa darasani kwa picha ya ukutani. Mama wa kwanza niliyempa, nilimpa kama ulivyopewa wewe, na karatasi mkononi. Alirudi baada ya wiki, akaziweka mezani zilizobaki, akasema, "Hii ni ya wazungu." Nilimuomba tukae ndani, nikatoa moja, nikagundua kwamba hata mimi mikono yangu ilikuwa haijaizoea, ilikuwa inateleza. Siku hiyo nilijifunza pamoja naye. Tangu hapo sijawahi kumpa mwanamke paketi hiyo bila kuifungua mbele yake.

Ichukue moja uliyobakiza, uifungue mchana, ukiwa peke yako na mlango umefungwa. Paketi ipasue kwa vidole pale penye alama ya kukatia. Meno na mkasi viache, vinatoboa. Kabla ya hapo soma tarehe ya mwisho wa matumizi na uminye paketi uhakikishe haina tundu. Utakuta mfuko mlaini wa urefu wa karibu sentimita 17, umelowa kilainishi. Upande mmoja umeziba, mwingine uko wazi. Pete ni mbili na kazi zao ni tofauti kabisa, na hapo ndipo palipokuchanganya. Pete ya ndani iko huru ndani ya mfuko, unaweza kuisukuma huku na huku. Kazi yake ni kuingizia, kisha kukaa kule juu karibu na mlango wa kizazi ili mfuko usitoke. Pete ya nje ni pana na nyembamba, imeshikamana na mdomo wa mfuko. Yenyewe haiingii popote, inalala nje juu ya mashavu ya uke.

Kaa mkao unaokufaa. Wengine huchuchumaa bafuni, wengine huweka mguu mmoja juu ya kigoda, wengine hulala chali magoti juu. Nimeona wenye tumbo kubwa na wenye maumivu ya mgongo hupenda kulala. Kamata pete ya ndani kutokea nje ya mfuko, uiminye kwa kidole gumba na cha kati mpaka pande zake mbili zikutane kama umbo la nane. Inateleza, ndiyo, futa vidole kwenye kanga ukaishike tena. Mkono wa pili ufungue mashavu ya uke, ingiza pete iliyominywa, uielekeze nyuma kuelekea kiunoni, si moja kwa moja juu kuelekea kitovuni. Ikishaingia, ondoa vidole, halafu tia kidole kimoja ndani ya mfuko na uisukume pete ile mpaka ipite mfupa wa kinena, ule mgumu unaougusa ukiweka mkono chini ya tumbo. Sukuma mpaka kidole kisiweze kwenda zaidi.

Hapa ndipo penye maumivu yako, nina hakika kiasi hicho. Pete isipopita ule mfupa inabaki katikati ya njia, inabanwa, inakuchoma kila unapojongea. Ikishapita, huisikii kabisa, kama usivyoisikia pete ya kidole uliyoizoea. Simama, tembea chumbani, inama kama unayechota maji. Ukiisikia, haijafika, isukume tena au itoe uanze upya. Hiyo moja ya mazoezi iingize na kuitoa mara tatu au nne, halafu itupe. Usijaribu kwa mara ya kwanza usiku, taa imezimwa, mtu anakusubiri kitandani. Hakuna chombo kipya kinachojifunzwa hivyo.

Na hapa Arusha mwezi wa saba, Moshi yako haina shida hiyo sana, kilainishi kinakuwa baridi kama maji ya mtungi. Shika paketi kifuani dakika chache kabla ya kuifungua. Ni jambo dogo lakini nimeona wanawake wanaoshtuka wanakaza misuli, na misuli ikikaza hakuna kinachoingia vizuri.

Usiku wenyewe una mambo yake. Kondomu hii si lazima uivae katikati ya mahaba. Inaweza kuvaliwa hadi masaa manane kabla ya tendo. Yaani mzee akikupigia simu kwamba amepanda gari Mererani, ukaivaa unapoinjika ugali, bado muda upo tele, na hata haja ndogo unakwenda nayo, unaisogeza tu pete pembeni. Kwa wanawake wengi niliowafundisha huo ndio uzuri wake mkubwa: hakuna kusimamisha jambo likiwa limepamba moto ili mtu atafute paketi kwenye mfuko wa suruali.

Kinachohitaji umakini ni wakati wa kuingia. Uongoze uume kwa mkono wako uingie ndani ya mfuko, katikati ya pete ya nje. Ukiachwa ujitafutie njia, unaweza kupita pembeni, kati ya mfuko na ukuta wa uke, na hapo kondomu iko lakini haifanyi kazi. Kwako wewe nadhani pete ya nje iliingia kwa sababu mbili: haikushikiliwa mwanzoni na kilainishi kilikuwa kidogo. Mfuko ukikauka unashikamana na uume na kuvutwa nao. Kwa hiyo ongeza kilainishi ndani ya mfuko, au kwenye uume wenyewe, na mara ya kwanza kwanza ishikilie pete ya nje kwa vidole viwili. Mfuko kucheza kidogo huku na huku ni kawaida, usiogope. Pete ya nje ikizama au uume ukipita pembeni, simamisheni, toeni, rekebisheni. Mkiwahi kabla hajamwaga, hatari inakuwa ndogo zaidi.

Kile kilainishi ndicho dawa ya kelele pia. Kelele ni mfuko mkavu unaojisugua. Zilizotangulia miaka ya tisini zilitengenezwa kwa plastiki ya poliyurethani na kweli zilikuwa na kelele. FC2, ambayo ndiyo inayogawiwa zaidi siku hizi, ni ya naitraili, mpira usio wa asili, laini zaidi na tulivu zaidi. Kwa hiyo kama yako ilisikika kama rambo, ongeza kilainishi.

Mkimaliza, yeye hana haraka ya kuchomoka kama ilivyo kwa kondomu ya kiume, maana mfuko haumtegemei yeye kusimama. Ila wewe itoe kabla hujasimama. Shika pete ya nje, izungushe mara mbili tatu ili mdomo ufunge na shahawa zibaki ndani, vuta taratibu. Ifunge kwenye karatasi, itupe kwenye takataka au choo cha shimo. Choo cha kuvuta maji itakiziba, na fundi atakayekuja kuzibua ataitoa mbele ya wageni wako.

Kuhusu kufua, hapana. Najua uchache wake ndio unaokusukuma huko, na si wewe wa kwanza. Lakini kuiosha, kuipaka sabuni na kuikausha kunaudhoofisha mfuko mahali usipopaona, na vijidudu vinabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri kondomu mpya kwa kila tendo. Tendo la pili usiku uleule, kondomu ya pili. Na usiivae yeye akiwa amevaa ya kiume ukidhani kinga imekuwa mara mbili: mifuko miwili inasuguana, mmoja unachanika au unavutwa na mwenzake. Ni moja tu, yako au yake.

Mafuta ya nazi sasa. Kondomu za kiume zilizo nyingi ni za lateksi, yaani mpira wa asili, na mafuta yoyote huuoza mpira huo kwa dakika chache. Nazi, ya mgando, losheni, yote ni adui. Ya naitraili haidhuriki na mafuta. Tatizo ni kwamba si kila kondomu ya kike ni ya naitraili. Ipo inayotengenezwa India, ya lateksi, ambayo badala ya pete ya ndani ina sponji. Kwa hiyo angalia: ukikuta sponji, au paketi imeandikwa lateksi, mafuta weka kando na tumia kilainishi cha maji kutoka duka la dawa. Ukikuta pete mbili na naitraili, mafuta ya nazi safi yasiyo na manukato hayataiharibu. Mimi bado ningechagua cha maji. Mafuta yenye marashi yanawasha, na mwanamke aliyewashwa huilaumu kondomu.

Tufike kwenye mimba, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndilo swali ambalo watu wengi hujibiwa nusu. Hapana, haizuii mimba kama sindano. Chukua wanawake 100 wanaoitumia kwa mwaka mzima, kila tendo, bila kukosea: 5 watashika mimba. Chukua wengine 100 wanaoitumia kama binadamu tunavyoishi, leo imevaliwa vizuri, kesho imevaliwa kwa haraka, keshokutwa imesahauliwa: watakaoshika mimba ni 21. Kondomu ya kiume hesabu zake ni 2 na 13. Sindano ya miezi mitatu, katika maisha ya kawaida, ni 4. Vijiti vya mkononi na kitanzi cha kwenye kizazi hata mmoja kamili hafiki. Na wasiotumia chochote, 85.

Nisomee tena hizo mbili za kwanza, 5 na 21. Katikati yao kuna wanawake 16. Si kwamba hao 16 wameshika mimba kwa sababu mfuko ulipasuka, kwani mfuko huu hupasuka mara chache. Wameshika kwa sababu ya pete isiyopita mfupa, uume uliopita pembeni, usiku ambao paketi ilibaki kabatini. Hao ndio wanaonifanya niandike maelezo marefu namna hii kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kama mtoto wa tatu sasa hivi ni jambo ambalo hamuwezi kulibeba, ushauri wangu ni kuitumia kondomu ya kike kwa ajili ya magonjwa, na kuipa njia nyingine kazi ya kuzuia mimba. Damu isiyokatika kwenye sindano, hasa miezi ya mwanzo, ni jambo tunalolijua na lina matibabu. Ningependa ungerudi kliniki kabla ya kuiacha. Hujachelewa. Kama homoni hutaki tena, kipo kitanzi cha shaba, hakina homoni hata tone, kinakaa miaka 10 na zaidi, ila hedhi inaweza kuwa nzito kidogo, jambo ambalo kwa historia yako mtalijadili na mkunga. Vijiti vya mkononi vinakaa miaka mitatu au mitano kwa kutegemea aina. Zote hizi huduma za umma hutolewa bure. Na kwa kuwa una miaka 31 na damu ilikusumbua, ukiwa hapohapo omba ufanyiwe kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, kile cha siki. Nchini kwetu kinatolewa kwa wanawake kuanzia miaka 30.

Kwa upande wa magonjwa, mfuko ule haupitishi virusi wala mbegu. Unakinga VVU, kisonono, klamidia na trikomona ukitumika vizuri kila mara, na kwa sababu pete ya nje inafunika sehemu ya mashavu ya uke, unasaidia pia palipo na vidonda vya kaswende au malengelenge, ingawa kidonda kilicho nje ya eneo lililofunikwa bado kinaweza kuambukiza. Hauna homoni, haugusi maziwa kama unanyonyesha, na hedhi haiuzuii.

Niseme jambo moja la historia, kwa sababu yule mama aliyeniambia ni ya wazungu hakuwa sahihi sana. Ni kweli aliyeibuni ni daktari wa Denmark, Lasse Hessel, na Marekani iliiruhusu mwaka 1993. Lakini waliopigania iwafikie wanawake wa kawaida ni Waafrika. Zimbabwe, miaka ya tisini, wanawake walikusanya saini zipatazo 30,000 kuidai serikali yao iwaletee, na ikaletwa mwaka 1997. Hapa kwetu iliwahi kuuzwa madukani kwa jina la Lady Pepeta. Nikikumbuka hizo saini, ninaposikia mtu anaiita kitu cha ajabu, naumia.

Mume wako. Hili nimeliacha mwisho na ndilo gumu.

Kwanza, usitegemee kuivaa kwa siri. Pete ya nje inaonekana na inagusika, atajua. Mwanaume anayegundua kitu katikati ya tendo hukasirika zaidi kuliko aliyeambiwa mapema. Ongea naye mchana, mkiwa mmekula, watoto wako nje, si chumbani. Na anza na lililo kweli na lisilo na lawama, nalo ni mimba. Mwambie, "Baba fulani, ile sindano ilinitesa, damu ilikuwa haikatiki. Mtoto wa tatu hatujajipanga. Nimepata kitu ninachovaa mimi mwenyewe, wewe huvai chochote." Hayo maneno matatu ya mwisho yana nguvu. Wanaume wengi wanaokataa kondomu wanakataa kubanwa, na hii haiwabani. Mfuko ni mpana, joto linapita. Wapo wanaosema wanaigusa pete ya ndani kwa kichwa cha uume. Hiyo ni dalili kwamba haijasukumwa vya kutosha. Wapo wanawake walioniambia, kwa aibu kidogo, kwamba pete ya nje inapogusa kisimi wanafurahia zaidi. Sikuahidi hilo, lakini nakuambia lisemwalo.

Pili, la magonjwa nalo lisifichwe milele chini ya la mimba. Hujaniandikia kwamba humuamini, lakini umeandika Mererani, miezi miwili, na umeandika neno "namtuhumu" kabla yake yeye hajalisema. Nakuelewa. Nimewahi kukaa na wake wa wanaapolo wa machimboni, wa madereva wa malori, wa wagumu wanaopandisha mizigo mlimani, na wote wanabeba swali moja wasilojua pa kuliweka. Mahali pake ni kwenye kupima, wote wawili, siku moja. Ukisema "tukapime" unajiweka na wewe kwenye mizani, si tuhuma tena. Kama hataki kwenda kituoni, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 inaruhusiwa mtu kujipima mwenyewe VVU kwa kifaa cha mate, nyumbani. Ulizia kituoni au duka la dawa. Kikionyesha maambukizi, kipimo kinarudiwa kituoni kabla ya kuamini lolote. Na ikitokea mmoja wenu anayo, akianza dawa na kuzimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa asiye nayo lakini yuko kwenye hatari, ipo dawa kinga ya kumeza, PrEP. Iulize kwa jina hilo.

Na akikataa yote? Akikutishia, akikupiga, akikulazimisha? Usiivae kwa kushindana naye ukiwa peke yako ndani ya nyumba. Rudi kwa njia ya kuzuia mimba ambayo haionekani, sindano au kitanzi, ili angalau hilo liwe mikononi mwako, na zungumza na mkunga kuhusu PrEP. Dawati la Jinsia na Watoto liko vituo vya polisi kwa ajili ya mambo kama hayo. Naandika hili bila kumjua mume wako, na natamani lisikuhusu kabisa.

Kuhusu kuzipata: maduka mengi ya dawa hayazi­weki, na hata vituo vya umma mara zipo mara zimeisha. Ukizikuta, omba za kutosha safari zake mbili au tatu, uzihifadhi mahali pakavu pasipo jua. Si kwenye meza ya mtumba kule Kiboriloni mchana kutwa, wala chini ya godoro zinapokunjwa. Zina miaka kadhaa kabla ya tarehe yake kufika, hazitaharibika kabatini.

Nenda Hospitali ya Mawenzi, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, siku ya katikati ya wiki, asubuhi baada ya foleni ya watoto wa chanjo kupungua, ndipo mkunga ana nafasi. Usimwambie umekuja kuchukua kondomu; mwambie umekuja uonyeshwe kwa mikono. Wengi wana mfano wa kiungo kwenye kabati. Kama hapo hawana, muombe akunje mkono wake wa kushoto, aache tundu kama anayeshika mchi wa kinu, wewe uingize kondomu humo mbele yake, akurekebishe vidole mpaka mwendo uwe wako.